Mstari Ukipotea, Usile Mahindi Hayo

Kitunguu kikioza hakimfichi mtu. Hulainika, hutoa maji na kunuka, na mnunuzi aliyefika Lumuma na lori lake hukitupa pembeni bila kuuliza mtaalamu. Mahindi hayana uungwana huo. Punje inaweza kuwa ngumu, kavu na safi machoni, kumbe ndani imebeba sumu. Pua haiisikii. Ulimi haujui kitu. Ukiyapika ugali, moto wa jikoni hauimalizi. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu.

Basi, ikiwa macho, pua na ulimi vimeshindwa, tutaijua kwa nini? Somo letu la leo linahusu kipimo kidogo cha karatasi, kirefu kama kidole, ambacho ndani yake mna chembe za dhahabu. Tutajifunza jinsi kinavyofanya kazi na jinsi ya kukisoma. Tunasisitiza neno kukisoma, kwa sababu kipimo hiki husomwa kinyume na kile cha malaria tulichokizoea zahanati. Mtu akikisoma kwa mazoea atakula sumu akidhani amepona.

1. SUMUKUVU NI KITU GANI?

Kuvu ni ule ukungu unaoota juu ya vyakula. Ziko aina nyingi. Moja yake, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, wataalamu huiita Aspergillus flavus. Huanza shambani, hasa mahindi au karanga zikipigwa na ukame au zikitobolewa na wadudu. Huendelea ghalani mazao yakihifadhiwa kabla hayajakauka. Kuvu hiyo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Kwa Kiswahili neno sumukuvu hutumika kwa sumu zote za kuvu, lakini katika somo hili tunasema habari za aflatoksini, kwa sababu ndiyo kali kuliko zote.

Dunia iliitambua sumu hii mwaka 1960. Huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukaonyesha kuwa chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga yenye kuvu.

Lakini tusidhani ni habari ya bata wa Ulaya. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliripotiwa kuugua, na 20 wakafariki. Waliugua tumbo, walitapika, macho yakawa ya manjano na matumbo yakavimba. Dodoma si mbali. Ukivuka mpaka wa Kilosa upande wa Mpwapwa, tayari umeingia mkoa huo.

Hao waliokufa upesi ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Wako wengi zaidi wanaokula kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Hao hawaanguki leo. Sumu hukaa ikilifanyia kazi ini, na baada ya miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Wataalamu pia wameona uhusiano kati ya sumukuvu na watoto kudumaa. Kwa hiyo, uji wa mtoto ndio wa kuangaliwa kwanza.

2. UDOGO WAKE

Kwa nini ni vigumu kuipima? Kwa sababu kiasi kinachodhuru ni kidogo mno.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinasema kilo moja ya mahindi isizidi maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa jumla. Ukigawa gramu moja mara milioni moja, kila kipande ni maikrogramu moja. Tufanye hesabu. Gunia la kilo 100 halitakiwi kuzidi maikrogramu 1,000, yaani miligramu moja. Maana yake, gramu moja tu ya sumu, mfano wa chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, inatosha kuyafikisha magunia 1,000 kwenye mpaka huo.

Udogo wa pili ni wa chembe yenyewe. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zinazoitwa molekuli. Molekuli ya aflatoksini ni ndogo hata kati ya ndogo. Ukipanga molekuli zake mstari mmoja, zingehitajika kama milioni moja kujaza milimita moja. Zile protini ambazo mwili hutumia kukamata wageni, ziitwazo kingamwili, zina uzito karibu mara 480 ya molekuli moja ya aflatoksini. Shikeni jambo hili, maana ndilo litakalotueleza kwa nini mstari hupotea.

3. DHAHABU YAFANYA NINI HAPO?

Kifaa kinachotumia kitu kitokanacho na viumbe hai ili kutambua kitu kingine huitwa bayosensa. Wenzetu wenye ugonjwa wa kisukari wanaijua mojawapo: ile mashine ndogo ya kupimia tone la damu. Kipimo chetu cha karatasi ni ndugu yake.

Kitu kitokanacho na viumbe hai hapa ni kingamwili, zilizotengenezwa maalumu ili zishike aflatoksini na zisishike kitu kingine. Tuzifikirie kuwa ni mikono. Lakini mikono hiyo haionekani kwa macho. Ikishika au isiposhika, tutajuaje? Hapo ndipo dhahabu inapoingia.

Dhahabu tunayoijua, ya pete na hereni, ni ya manjano. Lakini ukiigawa kuwa chembe ndogo sana na kuzitawanya majini, maji yanakuwa mekundu kama rozela. Mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza aliyaeleza mambo haya mwaka 1857. Chembe zinazotumika kwenye vipimo huwa na upana wa nanomita 40 hivi. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Basi chembe 25,000 za namna hiyo zikipangwa mstari ndipo zinatimia milimita moja.

Kila chembe ya dhahabu huvishwa ile mikono. Chembe nyingi zikikusanyika mahali pamoja kwenye karatasi, tunaona mstari mwekundu. Kazi ya dhahabu, basi, ni kutuonyesha mikono imekwenda wapi.

4. KWA NINI MSTARI HUPOTEA?

Tuanze na kipimo cha malaria. Ukipimwa zahanati, mistari miwili maana yake una vimelea. Inakuwaje? Kitu kinachotafutwa pale ni protini ya kimelea, nayo ni kubwa. Ni kama gunia. Gunia laweza kushikwa na wachukuzi wawili, mmoja huku na mmoja kule. Mchukuzi wa kwanza ni chembe ya dhahabu inayopita. Wa pili amefungwa kwenye karatasi, pale penye mstari. Gunia likiwapo, wawili hao hulishika pamoja, dhahabu hubaki pale, mstari hutokea. Gunia lisipokuwapo, dhahabu hupita zake. Kwa hiyo mstari maana yake kitu kipo.

Sasa aflatoksini si gunia. Ni punje moja. Mpe mchukuzi mmoja punje moja mkononi, akiifumbata hakuna nafasi ya mwenzake kuishika. Ujanja wa wachukuzi wawili hauwezekani tena. Watengenezaji wakabuni njia nyingine.

Kwenye mstari wa kipimo wamebandika aflatoksini kidogo tangu kiwandani. Ukidondosha maji ya mahindi, hupanda kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, yakizibeba chembe za dhahabu.

Kama mahindi ni salama, mikono ya dhahabu inafika pale mstarini ikiwa mitupu. Inaikuta ile aflatoksini iliyobandikwa, inaishika, inabaki hapo. Mstari mwekundu unatokea.

Kama mahindi yana sumu, mikono imekwisha kushika sumu njiani. Inafika mstarini ikiwa imejaa, haiwezi kushika tena, inapita. Mstari haupo.

Kwa kifupi, malaria: mstari umetokea, ugonjwa upo. Sumukuvu: mstari umepotea, sumu ipo. Yafaa sentensi hizi mbili ziandikwe kwa mkaa au chaki juu ya mlango wa ghala.

5. JINSI YA KUKISOMA

Vipimo vingi vina sehemu mbili zenye alama. Herufi T ni mstari wa kupima sumu. Herufi C ni mstari wa kuangalia kama kipimo chenyewe ni kizima. Mambo yanaweza kuwa hivi:

(a) C ipo, T ipo. Sumu haijafikia kiwango ambacho kipimo kimetengenezewa. Haina maana kwamba hakuna sumu hata kidogo.

(b) C ipo, T haipo. Sumu imefikia kiwango hicho au imepita. Usile, usiuze.

(c) C haipo. Kipimo kimeharibika, hata kama T inaonekana. Kitupe, pima upya kwa kingine.

Mstari wa T ukiwa hafifu, usibishane nao kwa macho. Soma karatasi ya maelekezo ya kipimo hicho, kwani watengenezaji hawafanani. Vingine huja na mashine ndogo inayosoma wekundu wa mstari na kuandika namba. Fuata pia saa: mstari uliosomwa kabla au baada ya dakika zilizoandikwa si wa kuaminika. Na tazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kufungua pakiti.

Jambo moja zaidi. Kila kipimo kimetengenezewa kiwango chake. Marekani mpaka wao kwa chakula cha watu ni maikrogramu 20 kwa kilo. Wetu ni 10. Mahindi yenye 15 yakipimwa kwa kipimo cha 20 yanaweza kuonyesha mistari miwili, na hapa kwetu bado hayafai. Kabla ya kununua kipimo, uliza: hiki ni cha ngapi?

6. KUPIMA HUANZA KWENYE GUNIA

Kipimo kizuri hakiwezi kusahihisha sampuli mbaya. Kuvu haienei sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Katika gunia zima, punje chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote. Ukichota konzi moja juu ya gunia, huenda ukazikosa. Utafurahi bure.

Fanya hivi:

Kwanza, chota sehemu nyingi. Wanunuzi wa nafaka wanalo bambo, kile chuma chenye ncha kinachochomwa kwenye gunia. Chomeni juu, katikati na chini, na gunia baada ya gunia.

Pili, changanya mahindi yote uliyochota juu ya turubai safi. Yatandaze, yagawe mafungu manne, chukua mafungu mawili yanayotazamana, changanya tena. Rudia mpaka ibaki kama kilo moja.

Tatu, saga kilo yote hiyo iwe unga laini. Usisage kidogo tu. Mashine isafishwe kwanza, isije ikapimwa sembe ya mtu mwingine.

Nne, pima uzito wa unga ulioelekezwa, tia maji ya dawa yaliyoelekezwa, tikisa, acha utulie. Maji ya juu ndiyo hupimwa.

Sampuli isipochukuliwa vizuri, dhahabu yote hiyo ni kazi bure.

7. JE, MSTARI UKIPOTEA TUFANYEJE?

Hapa ndipo penye ugumu, nasi hatutaki kuupita kimya kimya. Ni rahisi kumwambia mtu asile. Lakini mama mwenye watoto watano na magunia manne ndani atakuuliza: "Sasa mwalimu, wale nini?" Swali hilo ni la haki. Kipimo kinaonyesha sumu, lakini hakileti chakula. Tena yule asiyepima anaendelea kula na kuuza kama kawaida, na aliyepima ndiye anayeonekana kupata hasara. Mambo yakiwa hivyo, watu wataogopa kupima, na sumu itabaki sokoni.

Kwa hiyo tunashauri kupima kuwe kwa pamoja. Kikundi, chama cha ushirika au serikali ya kijiji iombe msaada kwa afisa ugani na halmashauri, vipimo vinunuliwe kwa pamoja, na kupima kufanyike mara baada ya kuvuna na kukausha. Wakati huo ghala bado lina kitu, majirani wanaweza kusaidiana, na vitunguu vikiuzwa mtu anaweza kununua debe la mahindi salama. Ukingoja mpaka miezi ya njaa, hata ukweli wa kipimo hautasikilizwa.

Mahindi yaliyoonyesha sumu yatengwe na yawekewe alama. Yachambuliwe kwa mkono: punje zenye ukungu, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zitolewe zote. Kukoboa pia hupunguza sumu, kwani nyingi hukaa kwenye kiini na ganda. Kisha yapimwe upya. Mstari ukipotea tena, mwiteni afisa afya aelekeze namna ya kuyaangamiza.

Yako mambo manne tusiyafanye. Tusichanganye gunia baya na mazuri, maana huko ni kusambaza sumu. Tusipike pombe, iwe komoni au nyingine, tukidhani kuchacha kutaimaliza sumu yote. Tusiwape kuku mahindi hayo wala pumba zake. Na tusimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na mtoto akayanywa.

Na soko nalo linatazama. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti, likiwamo cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Anayejua kupima anajua anachouza.

8. KINGA NI BORA KULIKO KIPIMO

Tusitegemee karatasi peke yake. Vuna mahindi yakikomaa, usiyaache shambani yakanyeshewa. Usiyaanike juu ya udongo mtupu. Tumia turubai au kichanja. Yakaushe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5.

Bila mashine utajuaje? Chukua chupa kavu ya kioo. Tia mahindi kiasi cha robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Chumvi isipoganda, ni dalili kwamba yamekauka. Lakini angalieni: chupa hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi makavu yaliyopata kuvu tangu shambani yatapita mtihani wa chupa na kushindwa wa karatasi.

Hifadhi kwenye kihenge kilichosafishwa au mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Ipo pia dawa iitwayo Aflasafe, yenye kuvu ya jamii hiyohiyo isiyotoa sumu, ambayo humwagwa shambani ili iisukume ile yenye sumu. Mwulizeni afisa ugani habari zake kabla ya msimu.

Ndugu wasomaji, zamani mtu asiyejua kusoma aliweza kutia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na hasara ikamfuata nyumbani. Kipimo hiki nacho ni karatasi. Kina herufi mbili tu, lakini anayezisoma vibaya huipeleka hasara kwenye bakuli la mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini mstari hutokea kwenye kipimo cha malaria ugonjwa ukiwapo, na hupotea kwenye kipimo cha sumukuvu sumu ikiwapo. Tumia mfano wa gunia na punje.

2. Kipimo kimeonyesha T bila C. Mwenye mahindi anasema, "T ipo, tuuze." Mtamjibu nini?

3. Hesabu: Kikundi kina magunia 40 ya kilo 100. Kwa kiwango cha maikrogramu 10 kwa kilo, sumu yote isizidi kiasi gani? (Jibu: maikrogramu 40,000, yaani miligramu 40.)

4. Kijijini kwenu, mahindi ya familia moja yakionekana yana sumu, nani atawasaidia kupata chakula? Kubalianeni kabla ya mavuno.